Uzi Alioacha Mzee

Ndugu wasomaji, wengi wenu mlimjua Mzee wetu wa hapa Leicester, yule aliyekuwa akitengeneza cherehani, baiskeli na mageti ya jamaa bila kudai zaidi ya kikombe cha kahawa na mazungumzo. Alifariki mwaka jana, mwanzoni mwa majira ya baridi, na taazia yake wamekwisha kuiandika wanaostahili kuliko sisi. Haya tunayoandika si taazia. Ni habari ya kipande cha chuma alichokiacha nusu kwenye mashine yake, na jinsi sisi watatu tulivyokaribia kukiharibu.

Mambo yalikuwa hivi. Alhamisi moja jioni Mzee alitoka katika kibanda chake cha bustanini, akanawa mikono, akala, akalala. Usiku huohuo alipelekwa hospitali na hakurudi tena. Mama, mkewe, alikaa eda miezi minne na siku kumi, na muda wote huo kibanda kilibaki kimefungwa. Eda ilipokwisha alituita. Sisi ni dereva wa basi, muuguzi, na mwalimu wa hesabu aliyestaafu mapema. Kila Jumamosi tulikuwa na mazoea ya kwenda kumtazama Mzee akifanya kazi, na mara mojamoja alituruhusu kushika kitu. Tulimwamkia Mama, akatuitikia marahaba, kisha akatukabidhi ufunguo.

"Wanangu," alisema, "kuna kitu changu mle ndani. Aliniahidi. Kitazameni kama kinamalizika. Kama hakimaliziki, niambieni nijue."

Kitu chenyewe kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, lakini ya umeme. Viganja vya Mama vinamuuma siku hizi, na kukaa juu ya mbuzi ya kawaida hawezi tena. Tui la kopo halitaki. Husema lina ladha ya kopo. Mzee alikwisha kuandaa mota, sanduku na kifuniko cha kuzuia vidole. Kichwa chenye meno, cha namna ile wanayotumia wauza nazi sokoni, alikileta jamaa mmoja kutoka Tanga kwenye begi lake. Kilichobaki ni fimbo ya kuunganisha kichwa na mota. Kichwa kile kina tundu lenye uzi ndani, la milimita 20, na hatua yake, yaani umbali kati ya jino na jino la uzi, ni milimita 1.5. Boliti za kawaida za milimita 20 zinazouzwa madukani zina hatua ya 2.5, kwa hiyo haziingii. Ilibidi fimbo ikatwe uzi wake wenyewe.

Tulipofungua mlango tuliikuta fimbo hiyo bado imebanwa kwenye mashine. Unyevu wa nchi hii ulikwisha kuanza kutia kutu kitako cha mashine, rangi ya chai ya rangi, lakini fimbo ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, nayo iling'aa kama aliiacha jana. Uzi ulikuwa umekatwa sehemu tu ya kina chake. Kisu kilikuwa palepale.

Kwa ambao hawajawahi kusimama mbele ya kerezo, tueleze kidogo, kwani bila hivyo kosa letu halitaeleweka. Kerezo huzungusha kitu, na kisu kilichotulia hukila kidogo kidogo. Ni kazi ileile ya mafundi wa Lamu na Unguja wanaokereza miguu ya vitanda, ila hapa ni chuma badala ya mti. Ukitaka kukata uzi wa boliti, ambao wengine huuita hesi, kisu kinapaswa kusafiri pembeni kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa chuma. Chuma kikizunguka mara moja, kisu kiende milimita 1.5, basi. Kinachokisukuma kisu ni parafujo ndefu iliyolala mbele ya mashine, na kati ya parafujo hiyo na chuma kinachozunguka kuna gia zinazobadilishwa. Gia ndizo zinazoamua parafujo izunguke mara ngapi.

Kerezo la Mzee ni Myford ML7, lililotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1946, na wazee wengi wa Kiingereza wanaopenda ufundi wa nyumbani wamekuwa nayo katika vibanda vyao. Ni mashine ya inchi. Parafujo yake ina nyuzi 8 katika kila inchi, maana yake kila ikizunguka mara moja inakisogeza kisu milimita 3.175. Hapo ndipo ugumu unapoanza: unataka milimita kutoka kwa mashine isiyozijua.

Mzee alizoea ugumu huo tangu ujana. Alianza kazi katika karakana ya reli Dar es Salaam, wakati wa Reli za Afrika Mashariki, halafu miaka ya 1970 akahamia TAZARA, Mbeya. Alipenda kutuambia kwamba reli za kwetu zilijengwa na watu walioazimana vipimo. Waingereza, waliopima kila kitu kwa inchi, walijenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 kwa upana wa mita moja kamili. Wachina, wanaopima kwa milimita, walijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 kwa upana wa futi tatu na inchi sita, ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. "Fundi wa kwetu," alikuwa akisema, "mfuko wa kushoto weka spana za inchi, wa kulia za milimita, na kichwani weka hesabu ya kukuvusha."

Hesabu yenyewe mwenzetu mwalimu aliipenda sana. Tangu tarehe 1 Julai 1959, kwa makubaliano ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Ukiiandika kwa namba nzima, 25.4 ni 127 gawanya kwa 5, na 127 haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kutoka kwenye inchi kwenda kwenye milimita bila dosari yoyote hana budi kuwa na gia ya meno 127. Kwa kerezo hili, gia ya meno 60 ikiendesha ya meno 127 ungepata milimita 1.5 barabara. Lakini gia hiyo ni kubwa, upana wake unapita inchi 6, na Mzee hakuwa nayo.

Alichokuwa nacho ni gia moja ndogo ya meno 21. Tulizikuta gia alivyozipanga: 21 ikiendesha 40, na 45 ikiendesha 50. Mwalimu alizidisha palepale nyuma ya bahasha. Hatua inayotoka ni milimita 1.5001875. Si sawasawa, lakini katika uzi wote wa fimbo ile, wenye urefu wa milimita 30, dosari haifiki hata sehemu 4 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Hakuna jicho wala nati itakayoitambua. Mzee alikuwa amepata njia ya kupita pembeni ya 127.

Sasa tuje kwenye kosa. Mezani palijaa vumbi na nyuzinyuzi za chuma alizoziacha. Mmoja wetu, kwa nia njema, alitaka kupafagia. Ili kusogeza pembeni gari dogo linalobeba kisu, aliinua wenzo, akalivuta gari kulia, akafagia, akalirudisha, akaushusha wenzo. Hatutamtaja, maana neno "sisi" lina faida yake. Halafu tukajaribu. Tulikisogeza kisu mpaka kiguse kidogo tu, tukazungusha nusu mzunguko, na muuguzi akapiga kelele: "Simameni!" Ncha ya kisu haikuwa ndani ya mfereji alioukata Mzee. Ilikuwa ikikwaruza juu ya mgongo wa uzi, ikianza mfereji wake mpya katikati ya ule wa zamani.

Tulinyamaza wote watatu. Kama tungeendelea, mifereji miwili ingekula uzi wote na fimbo ingebaki na meno kama ya msumeno mbovu. Tungeweza kununua chuma kingine, ndiyo. Lakini Mama hakutuomba fimbo yoyote tu.

Ndipo tulipofanya tulichopaswa kufanya kwanza. Tulichukua daftari lake, lililokuwa limening'inia ukutani kwenye msumari, tukalisoma. Ukurasa wa mwisho uliandikwa kwa penseli. Juu kulikuwa na gia: 21, 40, 45, 50. Katikati, mstari ulioandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa chini mara mbili: MILIMITA. NATI ISIFUNGULIWE MPAKA MWISHO. Na chini kabisa: "Kina 36. Nimefika 22. Kesho, inshallah."

Wenzo ule aliouinua mwenzetu ndio hufungua nati. Ndani ya gari la kisu kuna nati iliyopasuliwa vipande viwili, na wenzo huifunga ikaikumbatia parafujo. Ukikata uzi wa inchi kwenye kerezo la inchi, unaweza kufungua nati mwisho wa kila mkato, ukarudisha kisu mwanzo kwa haraka, ukafunga tena, na kuna kisahani cha kukuonyesha wakati wa kufunga. Lakini ukikata milimita kwa parafujo ya inchi, vipimo viwili havikutani kila mahali. Ukifungua na kufunga ovyo, karibu kila mara kisu kitaanguka mahali pengine. Njia ya salama ni moja: nati ibaki imefungwa tangu mkato wa kwanza hadi wa mwisho, na kila ukimaliza mkato uondoe kisu kwenye chuma, urudi nyuma kwa njia ileile uliyojia, ukizungusha kila kitu kinyume, halafu uanze tena.

Hata huko kurudi kuna hatari yake. Katika Myford ile, taya zinazobana chuma zimefungwa kwa kuzungushwa kwenye ncha ya ekseli kama kifuniko cha chupa. Ukiiendesha mota kinyume, taya zinaweza kujifungua zikaanguka. Kwa hiyo Mzee alikwisha kuchomoa waya wa umeme ukutani, na nyuma ya ekseli alifunga mkono wa kuzungushia aliotengeneza mwenyewe, kama ule wa kisima cha kamba. Alikuwa akikata uzi ule kwa nguvu za bega lake, akiwa na umri wake ule, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mizunguko ishirini na zaidi kila upande. Hatukuwahi kujua. Jumamosi alizotualika alikuwa akituonyesha kazi nyepesi za mota.

Kuuliza si ujinga. Tulimpigia simu fundi mstaafu wa Kiingereza aliyekuwa rafiki wa Mzee. Alisikiliza, akacheka kwa upole, akasema uzi haujapotea maadamu gia hazijaguswa na kisu hakijaondolewa kwenye kishikio chake. Akatueleza namna ya kuutafuta.

Kwanza, rudisha kisu nyuma kisiguse chuma. Pili, funga nati popote itakapokubali. Tatu, zungusha mkono kwenda mbele, mwendo uleule wa kukata, mpaka kisu kisogee kweli. Hapa ndipo palipo siri: gia na nati zina mchezo, yaani ulegevu kidogo kati ya meno, na lazima ulegevu wote uishe upande uleule ambao Mzee alikuwa akikatia. Ukizidisha ukarudi nyuma hata robo mzunguko, anza upya. Nne, simamisha kila kitu, na bila kugusa nati wala mkono, tumia kitelezo kidogo cha juu kukisogeza kisu kushoto au kulia, mpaka ncha yake ikae katikati ya mfereji uliokwisha kukatwa. Mzee alikiacha kitelezo hicho sambamba na fimbo, kwa hiyo kukisogeza hakukubadilisha kina.

Tulimwachia muuguzi kazi hiyo. Yeye kutwa hutafuta mishipa ya damu kwenye mikono ya wazee, na anajua kungoja. Dereva alishika mkono wa kuzungushia. Mwalimu alitandika karatasi nyeupe chini ya kisu na kumulika kwa tochi ya simu, ili mwanga uonekane pande zote mbili za ncha. Mara ya kwanza ulionekana upande mmoja tu. Mara ya pili dereva alipitiliza, tukaanza upya. Ilituchukua zaidi ya saa moja. Hatimaye mwanga ulibaki mstari mwembamba uliolingana kushoto na kulia, muuguzi akakisogeza kisu mbele taratibu, kikaingia mfereji bila kukwaruza kitu. Alisoma namba kwenye gurudumu la kitelezo cha chini: 22.

Namba hizo, ndugu wasomaji, ni sehemu za inchi iliyogawanywa mara elfu, kwa kuwa hata magurudumu ya mashine ile yanasoma inchi. Kina cha uzi wetu ni milimita 0.92, ambayo ni 36 kwa hesabu ya gurudumu. Zilibaki 14. Tulikwenda mbili mbili mpaka 32, kisha moja moja, tukipaka mafuta kila mara. Dereva alizungusha, muuguzi alitoa kisu mwisho wa uzi na kukirudisha mwanzoni, mwalimu alisoma namba kwa sauti. Hakuna aliyezungumza jambo jingine. Chuma kile ni kigumu na hakipendi kubembelezwa. Ukikisugua bila kukikata hujikaza zaidi. Kufikia 30 bega la dereva lilikuwa linatetemeka, na hapo kila mmoja wetu alijua anamfikiria nani.

Tulipofika 36 tulijaribu kichwa cha mbuzi. Kiliingia mizunguko minne, kikakwama. Rafiki wa Mzee alikwisha kutuonya tusiongeze kina kwa pupa. Chuma huinama kidogo kinapokatwa, kwa hiyo tulipitisha kisu mara mbili zaidi palepale bila kukisogeza. Kikatoa nyuzi nyembamba kama nywele, halafu kikanyamaza. Tukajaribu tena. Kichwa kiliingia mpaka mwisho kwa vidole viwili, bila kutikisika.

Wiki iliyofuata tuliifunga mbuzi jikoni kwa Mama. Kifuniko cha vidole tulikihakikisha mara tatu. Mama alivunja nazi mwenyewe, akamimina maji yake kwenye bilauri, akashika kifuu kwa mikono miwili na kukisogeza kwenye kichwa kinachozunguka. Nazi ilianguka kwenye sinia nyeupe, laini. Alikuna kifuu kimoja tu, akazima mota.

Halafu akaomba tumfungulie ile fimbo aitazame. Aliishika karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya uzi, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, akauliza: "Wapi ameishia yeye, na wapi mmeanzia nyinyi?"

Hatukuwa na pa kumwonyesha. Tulimweleza kwamba haiko hivyo. Kwamba kisu hupita mfereji uleule kila mara, kinashuka kidogo tu, na mkato wa mwisho umepita palepale alipopita wa kwanza. Mwalimu alijaribu kuchora. Mama alitikisa kichwa kuwa ameelewa.

"Na hiki?" aliuliza. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya mgongo wa uzi, karibu na mwanzo, penye mkwaruzo mwembamba wa nusu mzunguko ambao hautafutika.

"Hicho ni chetu, Mama," tulisema.

Aliitazama tena, akaturudishia tuifunge, kwani wali ulikuwa bado haujapikwa.

Kerezo halitauzwa, Mama amesema. Kutu tumeiondoa kwa mafuta na kitambaa, na daftari limerudi kwenye msumari wake, lakini sasa tunalisoma kabla ya kugusa kitu. Jumamosi baada ya adhuhuri tupo kibandani. Vijana wanaotaka kujifunza waje, wavae viatu vilivyofunika vidole, wasije na mikono mirefu ya shati. Na kama kuna msomaji, popote alipo, mwenye gia ya meno 127 inayokaa kwenye Myford asiyoitumia, tafadhali atuandikie kupitia jarida hili. Ile ya 21 inatutosha, lakini tungependa kuiona.